Kiganja cha Kapteni

Katika duka la dobi lililo pembeni mwa barabara ya soko, nyuma ya kaunta, kuna mwanamke ambaye wateja wote humwita Kapteni. Wageni hudhani aliwahi kuwa mwanajeshi, naye huwaacha wadhani hivyo, maana inamsaidia mtu anapokuja kugombana juu ya doa alilokuja nalo mwenyewe. Ukweli ni kwamba ukapteni wake ni wa kwenye kompyuta. Anaongoza kikosi cha zimamoto kisichokuwepo popote ila ndani ya mchezo, na kikosi chenyewe kina watu watatu: yeye, mumewe ambaye ni fundi vioo, na mdogo wake wa kike anayefundisha watu udereva.

Kapteni ana mkono mmoja, wa kushoto. Wa kulia uliishia chini ya kiwiko zamani, siku mashine ya kunyooshea mashuka ilipomshika, kabla hajahamishiwa kaunta. Ninalisema mapema ili lisikukae rohoni, kwa sababu yeye mwenyewe halimkai. Ukimwonea huruma atakuuliza kama shati unalitaka na wanga au bila wanga. Nyumbani ndiyo kabisa, huko huruma haikaribishwi hata kiti. Shemeji yake, mdogo wa mume, kinyozi mwenye mdomo usio na breki, akimkuta anahangaika na kifuniko cha chupa huegemea mlango na kusema, "Shemeji, mkono mmoja haulei mwana."

"Wewe unayo miwili," Kapteni humjibu, "na huyo mwana tunamsubiri mpaka leo."

Yeye alilea wawili kwa huo mmoja, na wote wameshaondoka nyumbani kwenda kujitegemea. Basi shemeji hucheka, humfungulia chupa, na kunywa nusu yake.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuelezea na mgumu kuuacha. Vikosi viwili vinapelekwa kwenye jengo moja linaloungua. Kila kikosi kina gari lake, ngazi zake, mipira yake ya maji, na kitakachotoa watu wengi wakiwa hai ndicho mshindi. Mtu wa kawaida hucheza kwa mikono miwili. Kapteni hucheza kwa kibodi ndogo ya mkono mmoja, kubwa kidogo tu kuliko kiganja, na ndiyo maana nyumbani kwao inaitwa Kiganja. Unalaza mkono juu yake, vidole vinne vinaangukia kwenye safu za vitufe, na gumba linashika kijiti cha kumwendesha mtu wako mbele, nyuma na kando. Kila kitufe unakipa kazi uitakayo: hiki maji, hiki ngazi, hiki shoka, hiki kumbeba majeruhi. Wenye mikono miwili hukiwekea mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye kipanya, kwa hiyo karibu vyote vinavyouzwa ni vya kushoto.

"Mungu hakunionea," Kapteni hupenda kusema. "Alichukua ule ambao watengenezaji hawakuwa na habari nao."

Mumewe ndiye aliyemletea, katika miezi ile ya mwanzo baada ya hospitali, alipokuwa akishinda sebuleni akiutazama ukuta. Alikiunganisha kwenye kompyuta, akaushika mkono wa kushoto wa mkewe akaulaza juu yake, kisha akaenda zake jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Kwenye skrini, mtu mdogo mwenye koti la njano akaishika ngazi kwa mikono miwili na kuanza kupanda. Aliyempandisha ni yeye. Kapteni alilia mpaka mumewe akatoka jikoni na sahani mkononi. Halafu akamshusha yule mtu, akampandisha tena.

Sasa kifaa nacho kina umri wake. Kitufe cha kwanza kufa kilikuwa cha pembeni, cha kushangilia. Kikosi kikishinda, kila mchezaji anaweza kumfanya mtu wake aruke na kutupa mikono juu. Kapteni hakukihuzunikia. Kazi ya anasa, alisema, tutashangilia kwa mdomo. Baadaye kikafa cha shoka, akahamishia shoka kwenye kidole cha mwisho. Kikafa cha ngazi, ngazi ikapanda safu ya juu. Maji yakahama mara mbili. Kila kitufe kilipozimika alimhamishia mwenzake mzigo, kama nyumba inavyofanya ikifiwa na mtu, na vidole vyake vikajifunza upya bila kulalamika. Kushangilia tu ndiko kulikokosa pa kuhamia. Matokeo yake, kila waliposhinda, mume na mdogo mtu walirukaruka kwenye skrini kama mahindi ya bisi, na Kapteni wao akasimama katikati, wima, mikono ubavuni. Familia ya wauza samani wa mtaa wa pili, ambao wamefungwa naye mara nyingi, walimpa jina. Walimwita Kapteni Nuna. Waliamini kabisa kwamba mwanamke yule ana kiburi, na kwamba kuwafunga wao hakumtoshi hata kuinua bega.

Kisha kikaharibika kijiti cha gumba, na kijiti hakina mwenzake wa kumhamishia mzigo.

Kilianza kwenda chenyewe. Katika nusu fainali Kapteni alimtoa mzee mmoja kwenye jengo salama salimini, akamfikisha barabarani, na kabla hajamtua, miguu ikageuka yenyewe ikamrudisha motoni.

"Dada, unampeleka wapi?" mdogo wake akapiga kelele. "Si ndiyo kwanza katoka!"

"Simpeleki mimi! Anajipeleka!"

Walishinda kwa kudra tu. Fainali ilikuwa Jumapili ya wiki ya pili yake, dhidi ya wauza samani hao hao, kwenye duka la shemeji la kunyolea, kwa sababu ndiko kwenye skrini kubwa na viti vya kuzunguka. Shemeji ndiye mchezaji wa akiba. Na kuna sheria, ambayo Kapteni aliitunga mwenyewe: mwenye kifaa kibovu anampisha wa akiba, hakuna kujadiliana. Mwaka uliotangulia alimpumzisha mumewe kwa sheria hiyo kwa ajili ya spika za masikioni zilizokuwa zinakatakata, na fundi vioo alikaa pembeni mechi nzima akipangusa miwani yake. Kwa hiyo pa kutokea hapakuwepo. Shemeji alianza kujinyoosha vidole hadharani.

"Sikuombei mabaya, shemeji," alisema. "Lakini kiti hakikai tupu."

Kapteni akaanza kutafuta. Kwenye duka kubwa la vifaa vya michezo ya kompyuta, muuzaji alimpokea kwa bashasha. "Karibu mama. Mtoto anacheza michezo gani?"

"Mtoto ni mimi."

Muuzaji akamletea kibodi ndefu kama ubao wa kupigia pasi, inayowaka taa za rangi zote. Kapteni akamwambia anataka ya mkono mmoja, inayopangika. Hapo ndipo muuzaji alipouona mkono wa blauzi uliokunjwa na kubanwa kwa pini, na sauti yake ikashuka ikawa ya msibani. "Oh. Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Ipo?"

Haikuwepo. Aina yake waliacha kuitengeneza, akaambiwa, na maduka mengine yakamwambia hivyo hivyo. Mumewe naye akaagiza moja iliyotumika kutoka kwa mtu wa mtandaoni ambaye hakumjua wala hakumwuliza swali la maana. Ilipofika, wakaifungua mezani kwa shangwe. Ilikuwa ya mkono wa kulia, mojawapo ya zile chache zilizopo duniani. Fundi vioo, mtu anayepima kioo cha dirisha kwa kukikodolea jicho tu, aliigeuza juu chini, akaigeuza ubavu, akaizungusha.

"Labda ukikaa upande wa pili wa meza," alisema.

"Nikikaa upande wa pili wa meza nitatazama mgongo wa skrini, baba watoto."

Walicheka mpaka Kapteni akashika ukuta. Lakini walipomaliza kucheka Kapteni alikivuta Kiganja karibu, na mumewe anazijua huzuni zake zote kwa majina. Akakaa karibu yake.

"Ni mechi moja tu," alimwambia taratibu.

"Najua ni mechi moja." Alikuwa akikipapasa Kiganja cha zamani, rangi imeshatoka mahali palipozoea vidole. "Leo ni fainali, kesho ni mazoezi, kesho kutwa nimezoea kukaa pembeni. Huko ndiko ninakopanda ngazi, mume wangu. Hapa sipandi. Sitaki kushushwa."

Fundi vioo akaanza kuirudisha ile ya mkono wa kulia kwenye boksi lake.

Sasa, kila duka la dobi lina sheria yake ya mifuko. Haijabandikwa ukutani, lakini anayeanza kazi huambiwa kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Nguo haifuliwi kabla mifuko haijapekuliwa. Kilichomo kinatiwa kwenye kifuko, kinabanwa kwa pini pamoja na risiti ya nguo, mwenyewe anakabidhiwa, na hakiulizwi. Hakiulizwi kamwe. Katika miaka yake ya kaunta Kapteni ameshakuta meno ya bandia, pete mbili za ndoa kwenye mfuko mmoja, na picha ya mke wa mtu kwenye koti la mtu mwingine, na vyote alivikabidhi akiwa na uso mkavu kama meza. Ndiyo maana watu humletea nguo zao. Funika kombe mwanaharamu apite, na suruali zirudi zimenyooshwa.

Jumatano ya wiki ile ya fainali alipekua koti la bwana mmoja mrefu, mteja wa siku nyingi, ambaye pindo za mikono ya mashati yake huwa na wino. Kidole kikagusa kitu cha mpira, cha mviringo, chenye kishimo katikati. Hakuhitaji kukitazama. Ilikuwa kofia ya kijiti cha gumba, ile ile inayokaa juu ya kijiti cha Kiganja. Akaitia kwenye kifuko, akaibana kwa pini, akajiambia mambo ya watu hayamhusu. Akajiambia hivyo siku nzima.

Jioni bwana yule alikuja, akapewa koti, akapewa kifuko, akashukuru, akafika mlangoni.

"Kaka!"

Mpiga pasi wa nyuma alichungulia na pasi ikifuka mvuke mkononi. Sauti ile hajapata kuisikia.

"Kaka, samahani sana, na ukitaka kuhamia kwa dobi mwingine sitakulaumu," Kapteni akasema, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. "Hiyo kofia ya mpira. Kifaa chake unacho?"

Bwana akageuka, masikio yamemwiva kwa haya, kama aliyekamatwa na kitu kibaya. "Kilishakufa," alisema. "Hii niliibakiza tu, kumbukumbu. Mimi mchora katuni, dada. Kalamu huku, kile huku, kila kitufe brashi yake. Nimekitumia mpaka kimenifia mkononi."

"Na sasa unatumia nini?"

"Nimepata kipya. Kizuri kuliko hata kile. Vitufe unavipa kazi unavyotaka, kiegemeo cha kiganja unakisogeza, kijiti unakipandisha na kukishusha." Akauangalia mkono wa kushoto wa Kapteni uliokuwa umeshika ukingo wa kaunta, na alichomwuliza ni hiki tu: "Wewe vidole vyako virefu au vifupi? Maana kinapimwa, usichukue ovyo."

Kapteni alisema baadaye kwamba hapo hapo alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Vifaa hivyo, bwana akamwambia, vipo kwenye duka la vifaa vya uchoraji, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Wao hawaviiti vya michezo, wanaviita vya wachoraji, na hakuna mcheza kompyuta anayepanda ngazi zile. Kumbe siku zote alikuwa akipiga hodi kwenye mlango wa jirani. Siku iliyofuata Kapteni alifunga kaunta mchana, akapanda ngazi zile kwa miguu yake, na akashuka na boksi kwapani huku akiimba.

Jumamosi asubuhi wakakipanga. Mdogo mtu, kwa kuwa anafundisha udereva, ana imani kwamba kila kitu duniani kina mahali pake.

"Maji hapa, chini ya kidole cha shahada," alisema. "Ngazi chini yake. Shoka hapa, karibu. Dada, ni kama gari jipya, hata mtoto ataliendesha."

Vitufe vyote vilikuwa vizima, vinang'aa, na kijiti kilitulia kama kimetiwa saruji. Kapteni akalaza mkono. Wakaingia kwenye moto wa majaribio.

Ilikuwa aibu. Alitaka maji, ikafunguka ngazi. Alitaka ngazi, akampiga mumewe shoka la mgongo. Alimbeba majeruhi vizuri, kisha akamwangusha kutoka dirishani wakati akitafuta namna ya kufungua mlango. Shemeji, aliyepita kuazima ndoo, alisimama nyuma yao, akatazama mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisema kwa upole, na hilo liliuma zaidi. "Shemeji, mji mzima umeteketea."

Kapteni akautoa mkono. Alikitazama kipya, akakitazama cha zamani kilichokuwa kando ya kikombe, na uso wake ukabadilika.

"Vidole vyangu vinaruka makaburi," alisema.

"Nini?"

"Angalieni." Akafumba macho, akaulaza mkono juu ya kile cha zamani. "Maji." Kidole kikaenda juu, kikakiruka kitufe kilichokufa, kikatua. "Shoka." Kidole cha mwisho. "Ngazi." Safu ya juu kabisa, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu asingeweka ngazi. "Mkono wangu unajua palipokufa. Hiki kipya hakina hata msiba mmoja, hatujuani."

Fundi vioo akavuta kiti. Akaviweka vifaa viwili bega kwa bega, akafungua ukurasa wa kupangia vitufe, akaanza kuviua vitufe vizima. Kimoja kimoja, akivinyang'anya kazi.

"Shemeji yangu, hicho ni kipya!" mdogo mtu akalia, mikono kichwani. "Unakilemaza?"

"Kifundishe, baba watoto," Kapteni akasema, macho bado yamefumbwa. "Kifundishe maradhi ya mwenzake."

Yeye akitaja kazi, kidole kinaenda, mume anafuata. Walifika mwisho, kifaa kipya kikawa kibovu kikamilifu, kama cha zamani, isipokuwa kijiti. Mume akagusa kitufe cha pembeni.

"Na hiki? Kilikuwa na nini? Nimesahau."

"Cha kushangilia. Ndicho kilichotangulia."

"Nikiache kimekufa?"

Kapteni akafumbua macho. Mazoea yana taabu. Alikuwa karibu kusema ndiyo.

"Hicho kifufue," alisema.

Jumapili duka la kunyolea lilifurika. Waliokuja kunyolewa walikataa kuondoka, waliokwisha kunyolewa walirudi wakidai kuna upande umesahauliwa. Shemeji alikuwa na mteja kitini, nusu kichwa tayari, nusu bado, na akamwacha hivyo hivyo. Hakuna aliyemkumbusha habari ya kuchukua kiti cha Kapteni. Tangu Jumamosi jioni, alipowakuta wakifanya mazoezi na mji haujaungua, alikuwa akijigamba mtaani kwamba yeye ndiye aliyemshauri Kapteni.

Wauza samani walicheza vizuri, tuwape haki yao. Baba mtu na vijana wake wakubwa walitoa watu kwa mpangilio kama wanaopakua makochi. Lakini mkono wa Kapteni ulikuwa nyumbani. Maji, shoka, mlango, mbebe, toka. Kijiti kilikwenda alikokituma na kusimama alipokisimamisha. Kwenye dakika za mwisho vikosi vilikuwa sawa, na mtu mmoja amebaki dirishani juu kabisa. Kidole cha Kapteni kikaruka makaburi, kikaenda safu ya juu, ngazi ikapanda, na mtu mdogo mwenye koti la njano akaishika kwa mikono miwili akaanza kupanda, na kwa muda ule duka zima lilikuwa linapanda naye. Akambeba. Akashuka. Akamtua barabarani, na akabaki naye barabarani.

Kelele zilizopigwa zilimshtua mteja mwenye nusu kichwa akasimama na shuka lake shingoni. Kwenye skrini, mume na mdogo mtu walianza kuruka. Kapteni wao alisimama katikati, wima, mikono ubavuni.

"Haya, Nuna ndiye huyo," baba wa samani akasema kwa uchovu, akivua spika za masikioni. "Hata leo."

Kidole cha Kapteni hakikuwa kimezoea kufika kule pembeni. Kilijinyoosha taratibu, kikapapasa, kikapata. Na yule mtu mdogo akaruka, akatupa mikono juu, yote miwili, akaruka tena.

Kapteni akabonyeza tena, na tena, machozi yakimtoka na meno yote yako nje. Kisha akamwacha yule wa kwenye skrini, akasimama kwenye kiti cha kunyolea, akainua mikono yake mwenyewe, ule mzima na ule mfupi, juu kabisa. Kiti kikaanza kumzungusha, na mumewe akawahi kumshika kiuno.

Baba wa samani alikuja kumpa mkono, akatoa wa kulia kwa mazoea, akaubadilisha haraka akatoa wa kushoto. "Kapteni," alisema, "miaka yote hii sisi tulijua unatudharau."

"Nilikuwa nashangilia kila siku, ndugu yangu," Kapteni akamjibu toka juu ya kiti. "Ni kitufe tu kilikuwa kimekufa."